Kutoka Kipeo hadi Logi: Historia ya Mlinganyo wa Umri wa Lugha na Funzo Lake kwa Isimu ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mwaka 1952 mwanaisimu wa Marekani Morris Swadesh alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba muda uliopita tangu lugha mbili za asili moja zitengane unaweza kukokotolewa kwa kulinganisha orodha fupi ya maneno. Nyenzo alizohitaji mtafiti zilikuwa chache: orodha ya msamiati wa msingi, hesabu ya maneno yaliyobaki na asili moja katika lugha zote mbili, na jedwali la logi. Kwa wanaisimu waliochunguza lugha zisizo na maandishi ya kale, wakiwamo wachunguzi wa lugha za Kibantu, pendekezo hilo lilikuwa na mvuto mkubwa. Pale ambapo hapakuwa na hati wala maandishi ya kuchongwa, msamiati wenyewe ungetoa tarehe.

Haikupita miaka kumi na mitano kabla ya mbinu hiyo, iliyoitwa glotokronolojia, kupingwa vikali na kuachwa na wanaisimu wengi. Makala haya yanafuatilia historia ya mlinganyo uliokuwa kiini chake na yanajenga hoja moja: sehemu ya kihisabati, yaani kugeuza mlinganyo wa kipeo kuwa mlinganyo wa logi, haikuwa na kosa lolote, na usahihi huo ndio uliofunika udhaifu wa dhana zilizoutangulia. Kugeuza umbo la mlinganyo ni aina ya tafsiri. Sentensi hubadili sura na maana yake hubaki ileile. Ushahidi hauongezeki wala haupungui. Anayesoma kwamba lahaja fulani za pwani zilitengana miaka 1,000 au 1,500 iliyopita anahitaji kujua kama tarehe hiyo imetoka katika ushahidi au imetoka katika mlinganyo.

2. Logi asilia kabla ya kufika katika isimu

Msomaji wa leo hufundishwa kwamba logi ni kipeo kilichotazamwa kutoka upande wa pili. Kusema 2³ = 8 ni sawa na kusema log₂ 8 = 3. Sentensi ya kwanza hutaja msingi na kipeo, kisha hutoa jibu. Ya pili hutaja msingi na jibu, kisha huuliza kipeo ni kipi. Maelezo haya ni sahihi, lakini kihistoria ni ya mwisho kufika.

John Napier wa Merchiston, karibu na Edinburgh, alitangaza logi mwaka 1614 pasipo kutumia dhana ya msingi wala alama ya kipeo. Yeye aliwaza nukta mbili zinazotembea. Moja ilikwenda kwa mwendo usiobadilika. Nyingine ilikwenda katika mstari wenye ukomo, na kasi yake ilipungua sawia na umbali uliobaki. Umbali wa nukta ya kwanza ndio aliouita logi ya umbali uliobakia kwa nukta ya pili. Neno lenyewe, logarithmus, alilitunga kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, logos, yaani uwiano, na arithmos, yaani namba. Haja yake ilikuwa ya kivitendo: kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, ili kuwapunguzia wanafalaki na mabaharia kazi ya kukokotoa. Henry Briggs, profesa wa jiometri wa Chuo cha Gresham huko London, alimtembelea Napier mwaka 1615 na tena mwaka 1616, na baada ya mashauriano yao zikazaliwa logi za msingi wa kumi. Jedwali lake la mwaka 1617 lilikuwa na logi za namba 1 hadi 1,000, kila moja ikiwa na tarakimu 14 za desimali.

Sifa ya "asilia" ilitokea kwingine. Mwaka 1647 Grégoire de Saint-Vincent alionesha kwamba vipimo vya mhimili vikiongezeka kwa uwiano ule ule, maeneo yaliyo chini ya haipabola huwa sawa; mwaka 1649 Alphonse Antonio de Sarasa akabaini kwamba maeneo hayo yana tabia ya logi. Nicolaus Mercator aliziita logi za aina hii logi asilia katika kitabu chake cha mwaka 1668. Leonhard Euler ndiye aliyeunganisha nyuzi hizi zote katika kitabu chake cha mwaka 1748 juu ya uchanganuzi wa idadi zisizo na ukomo. Humo logi ilifafanuliwa kuwa kipeo cha msingi uliochaguliwa, na msingi wa logi asilia ukapewa herufi e, ambayo thamani yake ni takribani 2.71828. Kuanzia hapo kanuni ya kugeuza ikawa fupi: ikiwa eˣ = y, basi ln y = x, mradi y iwe kubwa kuliko sifuri.

Uasilia wa e unaonekana katika mambo yanayokua au kupungua kwa kadiri ya kile kilichopo. Kitu kikipungua kila wakati kwa sehemu ile ile ya kilichobaki, kiasi chake baada ya muda t huandikwa e⁻ᵏᵗ, ambapo k ni kasi ya kupungua. Hii ndiyo picha ya nukta ya pili ya Napier, iliyorudi ikiwa imevaa alama za Euler. Ernest Rutherford na Frederick Soddy waliitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kueleza kufifia kwa mnururisho, na mwaka 1949 Willard Libby na wenzake wakaitumia kupima umri wa mabaki ya viumbe kwa kaboni-14. Mbinu ya Libby ilikuwa mpya na yenye sifa kubwa wakati Swadesh alipoandika, na yeye mwenyewe aliutaja mfano huo.

3. Swadesh, Lees na mlinganyo wa lugha

Chimbuko la kazi ya Swadesh lilikuwa uchunguzi wake wa lugha za Kisalishi za kaskazini-magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, uliochapishwa mwaka 1950. Lugha hizo hazikuwa na maandishi ya kale, hivyo historia yake ilibidi itafutwe ndani ya lugha zenyewe. Swadesh alidai kwamba katika kila lugha kuna msamiati wa msingi usiofungamana na utamaduni mmoja: viungo vya mwili, viwakilishi, vitenzi vya kula na kulala, majina ya maji, moto, jua na mwezi. Msamiati huo, kwa maoni yake, hubadilika polepole, na kasi yake haitofautiani sana kutoka lugha moja hadi nyingine. Orodha aliyoitumia mwanzoni ilikuwa na maneno takribani 200. Mwaka 1955 akapendekeza orodha ya maneno 100.

Robert Lees aliipatia dhana hiyo namba mwaka 1953. Alichunguza lugha 13 ambazo hatua zake za kale zinajulikana kwa maandishi, akapata kwamba kwa wastani asilimia 80.5 ya maneno hubaki baada ya miaka 1,000. Kwa orodha fupi ya maneno 100 Swadesh alikadiria asilimia 86.

Kutokana na kiwango hicho mlinganyo hujengwa hivi. Tuseme r ni sehemu ya maneno inayobaki katika lugha moja baada ya milenia moja. Baada ya milenia t, lugha hiyo itakuwa imebakiza rᵗ. Lugha mbili zilizotoka katika lugha moja hupoteza maneno kila moja kwa upande wake. Kwa hiyo sehemu ya maneno ambayo zote mbili zimeyabakiza, yaani c, ni rᵗ mara rᵗ:

c = r²ᵗ

Katika umbo hili, anayejua muda anaweza kutabiri c. Mwanaisimu, hata hivyo, yuko upande wa pili: anajua c kwa kuhesabu, na muda ndio anaoutafuta. Muda umekaa juu, katika nafasi ya kipeo, na njia ya kuushusha ni logi. Pande zote mbili zikichukuliwa logi asilia, hupatikana ln c = 2t ln r, na kwa hiyo:

t = ln c ÷ (2 ln r)

Kwa mfano, lugha mbili zinashirikiana maneno 60 kati ya 100. Logi asilia ya 0.60 ni −0.5108, na ya 0.86 ni −0.1508. Ukigawa −0.5108 kwa −0.3016 unapata 1.694, yaani takribani miaka 1,690. Alama hasi zimefutana, kwa kuwa namba zote mbili ni ndogo kuliko moja.

Inafaa kutambua kwamba katika mgawanyo huo msingi wa logi hauathiri jibu. Logi za Briggs zingetoa jibu lile lile, kwani kubadili msingi huzidisha juu na chini kwa namba moja. Logi asilia ina faida nyingine: hufichua kasi yenyewe. Kwa kuwa r = e⁻ᵏ, basi k = −ln r. Kwa r ya 0.86, k ni 0.1508 kwa milenia. Namba hii ni kubwa kidogo kuliko hasara ya 0.14 iliyohesabiwa mwishoni mwa milenia, kwa sababu kasi hiyo hutenda kila wakati juu ya akiba inayozidi kupungua. Kutokana nayo hupatikana pia muda wa orodha ya lugha moja kubaki nusu: ln 2 gawa kwa k, yaani takribani miaka 4,600.

4. Kilichofichwa na umbo la logi

Umbo la logi lina sura ya kipimo. Limeweka muda peke yake upande mmoja, na upande wa pili limeweka namba zinazoweza kuhesabiwa mezani. Hata hivyo kila kilichomo katika t kilikuwa tayari kimo katika c = r²ᵗ, pamoja na dhana zake tatu: kwamba r haibadiliki kati ya lugha na lugha wala kati ya zama na zama; kwamba neno moja kupotea hakuhusiani na kupotea kwa lingine; na kwamba lugha mbili zikishatengana hazigusani tena. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa na hatua ya kuchukua logi.

Jibu pia hutegemea mno r. Lugha zile zile zenye maneno 60 kati ya 100, zikikokotolewa kwa kiwango cha Lees cha 0.805, hutengana miaka takribani 1,180 iliyopita badala ya 1,690. Viwango hivyo viwili vilikusudiwa orodha mbili tofauti, lakini mfano unaonesha kwamba karne tano zinaweza kuzaliwa na chaguo la namba moja. Hata r ikikubaliwa, hesabu ya maneno 100 ina mashaka yake ya kitakwimu. Kosa sanifu la 0.60 katika orodha ya maneno 100 ni takribani 0.049, na hilo pekee hupanua jibu liwe kati ya miaka 1,430 na 1,980.

Tabia ya logi yenyewe huongeza tatizo pale c inapokuwa ndogo. Mchunguzi akisitasita juu ya maneno mawili, kama yana asili moja au yanafanana kwa bahati, c itasogea kutoka 0.82 hadi 0.80 na tarehe itasogea kwa miaka takribani 80. Kusitasita kule kule kati ya 0.10 na 0.08 husogeza tarehe kwa miaka takribani 740. Logi hupima uwiano wala haipimi tofauti. Maneno mawili kati ya 82 ni sehemu ndogo. Maneno mawili kati ya kumi ni sehemu ya tano. Kwa hiyo mbinu hii hudhoofika zaidi palepale ambapo historia ya maandishi haipo na tarehe inahitajika zaidi.

5. Pingamizi la mwaka 1962

Pingamizi lililotikisa mbinu hii lilitolewa mwaka 1962 na Knut Bergsland na Hans Vogt. Wao hawakuigusa hatua ya kugeuza mlinganyo. Walirudi kwenye r na kuuliza kama kweli ni namba moja. Ushahidi wao mkuu ulikuwa Kiaislandi na Kinorwe cha maandishi, lugha mbili zinazorejea katika Kinorsi cha kale kwa muda unaokaribiana. Kinorwe kilikuwa kimebakiza kiwango kilicho karibu na matarajio ya Lees. Kiaislandi kilikuwa kimebakiza zaidi ya asilimia 95.

Uzito wa matokeo hayo huonekana yakipitishwa katika umbo la logi. Kwa lugha moja na mzazi wake mlinganyo ni t = ln c ÷ ln r. Hata c ikichukuliwa kuwa 0.95 tu, r ya 0.86 hutoa miaka takribani 340, na r ya 0.805 hutoa miaka takribani 240. Historia iliyoandikwa inataja karibu miaka 1,000. Mlinganyo uligeuzwa sawasawa, ukakokotolewa sawasawa, ukatoa jibu lililo mbali na ukweli.

Udhaifu mwingine ulikuwa katika lugha 13 za Lees. Kumi na moja zilikuwa za familia ya Kihindi-Kiulaya, na zilizosalia zilikuwa Kichina na Kikopti. Hapakuwa na hata moja ya Kibantu. Sababu ni wazi: ili r ipimwe, lazima pawepo maandishi ya hatua mbili za lugha moja zilizoachana kwa karne nyingi. Matokeo yake ni kwamba kiwango kilichopimwa kwa lugha zenye maandishi kilitumika kutoa tarehe kwa lugha zisizokuwa nayo, bila njia ya kukihakiki huko kilikopelekwa.

6. Mlinganyo mbele ya Kiswahili

Kiswahili kinatoa mfano mzuri wa mipaka hiyo. Kina maandishi mengi kuliko lugha nyingi za Kibantu, na ingeweza kudhaniwa kwamba r yake inapimika. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, una mswada wa mwaka 1728. Ni karibu miaka 300. Kwa r ya 0.86 muda huo ungetazamiwa kupoteza maneno kama manne kati ya 100, na kwa r ya 0.805 kama sita. Tofauti ya maneno mawili haiwezi kuamua kiwango kipi ni sahihi. Isitoshe, utendi huo uko katika lahaja ya kaskazini na umetumia lugha ya kishairi inayohifadhi maneno makongwe, ilhali Kiswahili Sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Uhusiano wa viwili hivyo si wa mzazi na mtoto, na mlinganyo wa lugha moja na mzazi wake hauwafai.

Dhana ya pili, kwamba maneno hupotea moja moja bila uhusiano, nayo inakwama. Katika orodha ya maneno 100 ya Swadesh zimo dhana za samaki, damu na baridi, na katika Kiswahili Sanifu zote tatu zinatajwa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu. Neno la Kibantu la samaki, nswi, limebaki pembeni, katika matumizi ya zamani. Mabadiliko haya matatu yana chanzo kimoja kipana, yaani mawasiliano ya muda mrefu katika Bahari ya Hindi. Kuyahesabu kana kwamba ni matukio matatu yaliyojitegemea ni kuhesabu tukio moja la kihistoria mara tatu, na kila hesabu huirudisha nyuma tarehe ya kutengana kwa Kiswahili na ndugu zake wa kundi la Kisabaki, yaani Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Hali ya Kiilwana, kilichoathiriwa sana na Kiorma katika bonde la mto Tana, ni ya namna hiyo hiyo. Katika mlinganyo, lugha iliyokopa sana huonekana kongwe. Lugha iliyojitenga huonekana changa.

Dhana ya tatu, kwamba lugha zikitengana hazigusani tena, inapingana na pwani yenyewe. Lahaja za Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja hazikuwahi kuwekwa mbalimbali kiasi cha kuacha kubadilishana maneno. Biashara, ndoa, elimu ya dini na ushairi viliyasafirisha kutoka mji hadi mji. Ubadilishanaji huo huongeza c, na kwa hiyo hupunguza umri unaokokotolewa. Ukopaji kutoka nje unavuta tarehe upande mmoja, ukopaji wa ndani unaivuta upande mwingine, na hakuna chochote katika t kinachomwambia mchunguzi ni mvuto upi umeshinda.

Si ajabu basi kwamba kazi zilizojenga historia ya Kiswahili inayokubalika zaidi leo zilifuata njia nyingine. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, waliegemea mabadiliko ya kifonolojia na kimofolojia yanayoshirikiwa ili kupanga ukoo wa lugha, huku akiolojia ikisaidia katika suala la tarehe. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionesha makazi yaliyoanza katika karne ya 8. Tarehe za namna hiyo hutegemea vitu vilivyochimbwa, vikiwamo vyombo vya udongo vilivyoletwa kutoka ng'ambo.

Hesabu ya msamiati haikutupwa pamoja na glotokronolojia. Yvonne Bastin, André Coupez na Michael Mann walichapisha mwaka 1999 ulinganisho wa aina 542 za lugha za Kibantu kwa orodha ya maneno 92, na asilimia zao zilitumika hasa kuchunguza makundi na ukaribu wa lugha. Mwaka 2003 Russell Gray na Quentin Atkinson walirudi kwenye suala la tarehe kwa lugha 87 za Kihindi-Kiulaya, wakaruhusu kasi ya mabadiliko itofautiane kati ya tawi na tawi na kuifunga kwa matukio yenye tarehe zinazojulikana. Mbinu yao ina wakosoaji wake, lakini marekebisho yalifanyika mahali panapostahili: katika dhana zinazohusu r, kabla muda haujatafutwa.

7. Hitimisho

Historia ya mlinganyo wa Swadesh haionyeshi kwamba hisabati haina nafasi katika isimu. Inaonyesha mahali pa kuelekeza swali. Kutoka c = r²ᵗ hadi t = ln c ÷ (2 ln r) ni hatua halali kila wakati ambapo c na r ni kubwa kuliko sifuri na ndogo kuliko moja, na mwanaisimu anayeielewa hahitaji kuiogopa wala kuistahi kupita kiasi. Mlinganyo wa kipeo ni dai juu ya jinsi lugha zinavyobadilika. Mlinganyo wa logi ni dai lile lile lililopangwa upya ili muda usimame peke yake.

Msomaji anayekutana na tarehe iliyokokotolewa kutokana na msamiati ana jambo rahisi la kufanya: airudishe katika umbo la kipeo. Hapo ataona r imetoka wapi, imepimwa kwa lugha zipi, na kama wasemaji wa lugha anayoichunguza waliishi kwa namna inayoruhusu namba hiyo ibaki bila kubadilika kwa miaka elfu. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, iliyopokea na kutoa maneno kwa zaidi ya milenia moja, jibu la swali hilo la mwisho limeandikwa ndani ya msamiati wake.